Mkubwa Hasubiri Simu

Nchi ninayoishi mimi si hiyo unayoishi wewe, kwa hiyo ukikuta humu kitu kinachofanana na cha kwenu, usinipigie. Jina la nchi yetu silitaji kwa sababu bado liko kwenye mchakato. Tunachojua ni kwamba litakuwa refu.

Mimi ni Mama Sifuni. Nina watoto wawili, mume mmoja anayefanya kazi mbali, mama mkwe mmoja asiyekwenda mbali, na stashahada ya mitandao na simu kutoka chuo ambacho siku hizi ni ukumbi wa harusi. Ndimi niliyetengeneza mfumo wa simu za serikali yetu. Nasema mapema ili atakayetaka kukasirika ajue pa kuelekea.

Kabla ya hapo kila wizara ilikuwa na waya wake, na kila waya ulikuwa na wezi wake. Serikali ikachoka, ikaamua simu zote zipite kwenye intaneti, katika mkongo uleule unaobeba barua pepe pamoja na sinema ambazo maofisa wetu huziangalia saa za kazi. Nikaitwa mbele ya Kamati ya Taifa ya Mawasiliano Yenye Staha nieleze jambo lenyewe linavyofanya kazi.

Nikaeleza kama nilivyofundishwa. Mtu anasema, mashine inaikata sauti yake vipande vidogo vidogo, kila kipande kinabandikwa anwani na kusafiri, na kikifika upande wa pili kinaungwa na wenzake, sauti inatoka kama ilivyoingia.

Mwenyekiti aliuliza kama sauti ya waziri nayo itakatwa. Nikamjibu itakatwa kama ya mtu mwingine yeyote. Mjumbe mmoja wa nyuma akataka kujua kama kuna uwezekano wa vipande vya waziri kugusana njiani na vipande vya karani. Nikasema vinapita bomba moja, kugusana ni lazima. Kikao kikaahirishwa ili wajumbe wapate hewa.

Waliporudi niliwaambia, kwa kuwaonea huruma, kwamba mashine inaweza kuelekezwa vipande gani vipite kwanza. Hilo ndilo jambo pekee walilolipenda siku ile.

"Kwa hiyo mashine yako inajua nani ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Haijui, Mheshimiwa. Inaambiwa."

"Basi iambie."

Inabidi nikueleze adabu ya simu ya kwetu, maana ya kwenu huenda ni nyingine. Kwetu mkubwa hasubiri simu. Mtu mkubwa akitaka kuongea na mdogo, katibu muhtasi wake humpigia katibu muhtasi wa yule mdogo. Mdogo huwekwa kwenye laini kwanza, akakohoa kidogo kuthibitisha yupo, ndipo mkubwa anapopewa mkono wa simu. Mkubwa akiokota simu akakuta ukimya, hata wa kupumua mara moja, hiyo ni dharau, na watu wameshahamishiwa mikoa yenye mbu kwa ukimya mfupi kuliko huo.

Hayo yote nikayaingiza kwenye mashine. Kila simu ya serikali niliipa cheo. Niliwapanga kama ninavyopakua chakula nyumbani: mama mkwe kwanza, kisha Baba Sifuni akiwepo, kisha watoto kwa umri, mimi na sufuria mwisho. Mtu akipiga, mashine inatazama vyeo vya pande mbili, inamwingiza mdogo, inasikiliza kikohozi, halafu inamwita mkubwa. Hakuna nchi yoyote iliyokuwa na kitu kama hicho. Nilijiona bingwa. Mashine nikaipa jina la Mfumo wa Heshima, na nikashona gauni jipya la uzinduzi.

Ilibaki sauti ya kuwapokea wapigaji. Mtangazaji wa taifa alikubali kuisoma, ila alitaka aombwe kwa simu na mtu wa cheo chake, na hakupatikana. Nikaisoma mwenyewe, kwa sauti ile ninayotumia watoto wanapochelewa kuoga. "Umepiga simu serikalini. Kama wewe ni kiongozi, usibonyeze chochote, mashine inakufahamu. Kama wewe ni raia, bonyeza moja, kisha endelea kuwa raia hadi utakapohudumiwa."

Siku ya uzinduzi mwenyekiti alihutubia hadi maua ya mezani yakanyauka. Alisema taifa limeingia katika zama ambazo hata umeme unamjua mkubwa wake, na kwamba wahenga wetu, laiti wangekuwa na intaneti, wangeipanga hivihivi. Watu wakapiga makofi kwa kufuata vyeo. Kwa hiyo makofi yalichukua muda.

*

Sasa nikutajie mawaziri wawili.

Zamani tulikuwa na Wizara ya Maji moja, yenye waziri mmoja. Kisha wakapatikana watu wawili wanaostahili, na kwa kuwa watu wanaostahili hawapunguzwi, maji yakagawanywa. Mheshimiwa Kilasi akapewa Wizara ya Maji ya Chini: mito, visima, mabomba na mabwawa. Mheshimiwa Bungala akapewa Wizara ya Maji ya Juu: mvua, mawingu na umande kabla haujatua. Ukungu hadi leo una mgogoro.

Ili asiwepo wa kwanza na wa pili, waliapishwa kwa pamoja, kwa sauti moja, na aliyemtangulia mwenzake neno moja katikati ya kiapo aliamriwa arudie. Magari yao yana urefu sawa. Wakialikwa sherehe moja, mlango hupanuliwa. Nilipofika kwao kwenye orodha ya simu sikujiumiza kichwa. Nikawapa cheo kimoja, nikaenda kunywa chai.

Kuna bwawa moja kando ya mji wetu, na nyuma ya bwawa hilo, upande ambao maji hujaa, kuna mtaa wa Bondeni. Hapo ndipo nyumbani kwangu. Lango la bwawa likifunguliwa, maji hushuka upande wa pili kwenda mbugani, ambako hakuna mtu ila swala, na Bondeni tunakaa pakavu. Likibaki limefungwa na mvua ikaendelea, maji yanarudi nyuma na kuingia majumbani mwetu bila hodi.

Kwa kuwa maji ya bwawa yako chini lakini yametoka juu, kanuni inataka mawaziri wote wawili wakubali lango lifunguliwe. Wakubali pamoja, kwenye simu moja, na mlinda lango asikie ndiyo zote mbili kwa masikio yake. Mlinda lango ni Mzee Lwitiko, mtu mpole mwenye mvi, aliyepewa gurudumu la kuzungusha, koti la mvua na simu yangu mpya. Miaka ya nyuma mvua ikizidi, mawaziri walisubiriwa wakutane msibani, wakaulizwa hapohapo. Mfumo wa Heshima uliletwa ili taifa lisitegemee tena vifo.

*

Mvua ilianza alfajiri. Nilikwenda kazini nikiwaacha watoto na bibi yao, maana kwetu mvua si sababu ya kutofika kazini, ni sababu ya kuchelewa kutoka. Simu za mkononi tunaziacha getini kwa ajili ya staha, kwa hiyo habari za dunia nilikuwa nazipata kwenye kioo cha mashine yangu tu.

Kabla ya saa nne nikaona Mzee Lwitiko amepiga kuomba kibali. Mashine ikafanya kazi yake. Ikampigia Kilasi, ikampigia Bungala, ikatazama vyeo vyao ili imwingize mdogo kwanza, na haikumwona mdogo. Ikatazama tena. Katibu muhtasi wa Kilasi akasema Mheshimiwa ataingia mwenzake akishaingia. Katibu muhtasi wa Bungala naye akasema hivyohivyo, ila kwa ukali zaidi. Mashine, ambayo ina subira kuliko mimi, ikawapigia wote wimbo wa kuwaburudisha na kuendelea kungoja kikohozi.

Nikawapigia wale makatibu mmoja mmoja. Wa Kilasi aliniambia bosi wake yuko tayari kabisa, amekaa karibu na simu, hata miwani ameivua. Nikamwomba amwambie akohoe. Akaniuliza kama ninajua ninaongea na ofisi ya nani. Wa Bungala alisema Mheshimiwa anasikitishwa sana na mvua hiyo, aliyoileta yeye mwenyewe kwa mujibu wa sheria, lakini hawezi kuingia kwenye laini tupu kama fundi wa bomba.

Nilifikiria kumshusha mmoja cheo, hata kwa dakika chache. Lakini cheo kikishuka, simu ya mwenyewe huonyesha taa nyekundu na kulia. Niliiweka mimi hiyo taa. Niliona itapendeza.

Wakati huo nikaiona namba ya nyumbani kwangu, mkiani kabisa mwa foleni ya raia. Nikaichomoa na kuipokea.

"Tangu asubuhi naongea na wewe," alisema mama mkwe wangu. "Kila nikikwambia maji yameingia ndani, unaniambia niendelee kuwa raia."

"Mama, yule si mimi. Ni mashine."

"Sauti yako siijui? Ndivyo unavyoongea hata hapa nyumbani."

Nikamuuliza maji yamefika wapi.

"Yamebeba godoro la Sifuni. Watoto nimewapandisha juu ya meza ya chakula, na meza yenyewe inaanza kutembea. Njia ya kutokea imekuwa mto. Sasa wewe mwenye serikali, nibonyeze ngapi?"

Nilimwambia asibonyeze kitu, awashike watoto, awafunge kwa khanga kwenye nondo za dirisha la juu kama wakiteleza. Akasema khanga hizo alizinunua yeye na anajua pa kuzifunga. Halafu laini ikakatika. Haikukatwa na mvua. Ilikatwa na mashine, kwa sababu kwenye mpangilio wangu raia akiongea zaidi ya kiasi fulani anahesabiwa kuwa anazurura.

Niliitazama ile mashine. Kwenye kioo mawaziri wawili walikuwa bado wanasikiliza wimbo. Walikuwa wazima, wakavu, wamekaa kwenye viti, kila mmoja na simu yake sikioni mwa katibu wake, na mimi mwenye stashahada nilikuwa nimewafungia huko kwa mikono yangu.

Mafundi wenzangu wanajua, na wewe ujue, kwamba jina na cheo vinavyotokea kwenye kioo cha simu ni maandishi tu. Anayesimamia mashine akiandika tembo, atapiga tembo. Nikaifungua simu ya Mzee Lwitiko kule langoni. Nikafuta "mlinda lango". Nikaandika "Rais".

Mashine haikubabaika hata kidogo. Mara ileile iliona wadogo wawili na mkubwa mmoja, ikakata wimbo, ikawaita. Kilasi aliingia akikohoa. Bungala aliingia akikohoa zaidi. Nasikia wote wawili walisimama, na kwamba Bungala alifunga kifungo cha koti. Ndipo mashine, kwa adabu niliyoifundisha, ikamwingiza mkubwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa Rais," alisema Kilasi.

"Shikamoo, Mheshimiwa Rais," alisema Bungala.

Mzee Lwitiko alikuwa amesimama kwenye mvua tangu alfajiri na upepo ulikuwa unampiga sikioni. Alichosikia ni vijana wawili wanaamkia, na mtu mzima akiamkiwa huwa hafanyi utafiti.

"Marahaba, wanangu," akasema. "Maji yamejaa huku. Nifungue?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilitegemea watauliza nani anaongea, au angalau wataulizana. Hawakuuliza hata kinafunguliwa nini.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Kilasi.

"Ndiyo, Mzee, tena kabisa," alisema Bungala. "Ulichelewa tu kusema."

Mzee Lwitiko alizisikia ndiyo mbili kwenye simu moja kwa masikio yake, akaweka simu chini, akazungusha gurudumu. Hadi mchana swala walikuwa wanaogelea na meza yangu ya chakula ilikuwa imetua, ila chumba kingine. Watoto walikuwa salama. Nilipofika, mama mkwe alinipa ufagio.

*

Kesho yake mawaziri wote wawili waliwaambia waandishi wa habari kwamba Rais amewapigia binafsi na kuwaita wanangu. Kila mmoja alisema ameitwa peke yake. Ikulu, ambayo haina desturi ya kutojua ilichofanya, ikathibitisha kwamba Rais alipiga na kwamba alisikika vizuri sana. Ingeishia hapo kama Kamati isingetaka kunipongeza. Waliniita na kuniomba nieleze, kwa ajili ya kumbukumbu za taifa, mkongo ulivyoibeba sauti ya Rais.

Mimi sijui kudanganya nikiwa nimesimama. Nikasema aliyeitikia marahaba ni Mzee Lwitiko, mlinda lango.

Mwenyekiti aliomba nirudie taratibu. Nikarudia taratibu. Kilasi na Bungala walikuwepo, na kwa mara ya kwanza tangu waapishwe waligeuka rangi kwa wakati mmoja bila kuelekezwa. Nilikwisha kujiandaa kwa mikoa yenye mbu. Hata dawa nilinunua.

Lakini Kamati haikuwa na haja na mimi. Tatizo lake lilikuwa zito zaidi. Mawaziri wawili wamempa shikamoo mlinda lango, akaipokea, na mashine ya serikali ina kumbukumbu. Shikamoo hairudishwi. Wakakaa faragha hadi jioni, na walipotoka walikuwa wamepata ufumbuzi ambao hadi leo unasomeshwa kwa maofisa vijana. Mzee Lwitiko aliteuliwa kuwa Waziri Mwandamizi wa Lango, juu ya mawaziri wote, kuanzia alfajiri ya siku ile ya mvua. Kwa hiyo shikamoo zilikuwa halali, marahaba ilikuwa halali, na hakuna aliyekosea. Nikaamriwa nimrekebishie cheo kwenye mashine. Nikamrekebishia.

Akajengewa ofisi ya vioo palepale langoni, akapewa suti na katibu muhtasi. Lile koti la mvua likachukuliwa kwenda makumbusho.

*

Mvua ya pili ilikuja mchana, siku ambayo nilikuwa nyumbani nikimuuguza Sifuni kifua. Maji yalipogusa kizingiti sikusubiri. Nilipiga kwa mwandamizi mwenyewe. Nikaipita ile sauti yangu kavu, mashine ikanitambua, kisha ikaanza kufanya nilichoifundisha. Kibali sasa kilikuwa cha mwandamizi, na kutolewa kwake kulitaka mlinda lango aingie kwanza akohoe. Mlinda lango hakuwepo. Yule aliyekuwepo alikuwa waziri. Mashine ikanipigia wimbo.

Nikamkabidhi bibi mtoto, nikavua viatu, nikawagongea Mama Kulwa na Bi Tatu wa jirani, tukapanda hadi langoni kwa miguu. Mvua ilikuwa inatupiga usoni. Mzee Lwitiko alituona kupitia kioo, akatufungulia mwenyewe maana katibu alikuwa ameenda kwenye semina.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Mama Sifuni. Poleni na mvua."

Nikamwomba afungue. Alilitazama gurudumu kwa hamu, kama mtu anayetazama chakula baada ya daktari kukataza.

"Ningefungua," alisema. "Lakini mimi sasa ni wa kutoa amri. Wa kufungua bado hawajamwajiri."

"Basi toa amri."

"Nimtolee nani?"

Nikatazama bondeni. Bati la nyumba yangu lilikuwa linaonekana, na maji ya kijivu yalikuwa yamelizunguka pande tatu.

"Nitolee mimi."

Akafikiri. Akasema huo ni uteuzi, na uteuzi hauwezi kufanyika bila hotuba fupi. Nikasema atoe. Akafunga kifungo cha suti, akakohoa, akaanza kumshukuru kila anayestahili kwa kufuata vyeo, akianzia juu. Sisi watatu tukatoka nje. Gurudumu lilikuwa limeanza kushika kutu kwa kukaa. Mama Kulwa akafunga khanga kiunoni, Bi Tatu akapiga bismillahi, mimi nikatia bega. Lilikataa, likalia, likazunguka. Maji yakatoka kwa kishindo kwenda kwa swala.

Tulipopita dirishani kurudi nyumbani, mwandamizi alikuwa amefika kwa makatibu wakuu na alikuwa bado hajanitaja. Hatukumsubiri. Mtoto alikuwa anahitaji dawa, na mboga ilikuwa haijachambuliwa.

Hadi leo hajaajiriwa mlinda lango, kwa sababu hajapatikana mtu wa cheo kinachofaa kumpigia simu amjulishe. Mfumo wa Heshima unafanya kazi vizuri na ujumbe kutoka nchi tatu umekuja kujifunza. Niliwaonyesha ile taa nyekundu, wakaisifu. Mvua ikianza, naiacha simu mezani, nawaita Mama Kulwa na Bi Tatu kwa kupiga kelele juu ya ua, na tunapanda.